Je, Wajua? Ondoka Jumanne, Ufike Jumatatu

Je, wajua kwamba mtu angeweza kupanda ndege Jumanne saa nne asubuhi, akakaa angani kwa saa moja, akashuka Jumatatu saa nane mchana? Hakuna mazingaombwe hapo. Safari yenyewe inaanzia Provideniya, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Chukotka, ncha ya mashariki ya Urusi, na kuishia Nome, mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Alaska, Marekani. Baina ya viwanja vya ndege vya miji hiyo kuna kilomita 375 hivi. Ni pafupi kidogo kuliko Dar es Salaam na Dodoma kwa njia ya angani. Anayeruka kutoka Dar kwenda Dodoma haigusi saa yake. Huyu wa Provideniya, kwa mwendo mfupi kuliko huo, anageuza kalenda.

Akirudi alikotoka, mambo yanapinduka. Akiondoka Nome Jumatatu saa nne asubuhi, kwa mwendo uleule wa saa moja, anatua Provideniya Jumanne saa mbili asubuhi. Akichelewa akaondoka Nome saa tano usiku, atatua Jumanne saa tatu usiku, na Jumanne yake yote itakuwa na saa tatu tu kabla ya kuisha. Ukisoma saa za kuondoka na za kufika bila kuuliza zaidi, utaona safari ya kwenda magharibi ni ya saa 22, na ya kurudi mashariki ni ya saa 20 chini ya sifuri.

Sababu ni kwamba mstari wa kimataifa wa tarehe unapita baharini katikati ya miji hiyo. Chukotka iko saa 12 mbele ya saa ya Greenwich, na Alaska iko saa 9 nyuma yake. Jumla ni saa 21. Majira ya joto tofauti hushuka hadi saa 20, kwa sababu Alaska husogeza saa mbele kila mwaka ilhali Urusi iliacha desturi hiyo. Ukiwa Nome na unataka kumpigia simu jamaa yako wa Provideniya, kuna hesabu rahisi wanayoitumia watu wa maeneo kama hayo: punguza saa tatu kwenye saa yako, kisha ongeza siku moja.

Jua halina habari

Sasa tuliulize jua. Nome iko karibu na longitudo 165 magharibi, Provideniya karibu na 173 magharibi. Ndiyo, magharibi: mji huo wa mashariki ya mbali ya Urusi, ukiupima kutoka Greenwich, uko katika nusu ya magharibi ya dunia, kwa kuwa ncha ya Chukotka imeuvuka mstari wa nyuzi 180. Tofauti ya miji hiyo miwili haifiki nyuzi nane. Dunia huzunguka uzi mmoja kwa dakika nne, kwa hiyo jua likiwa juu kabisa Nome huchukua dakika 31 tu kufika juu kabisa Provideniya. Kwa jua, Provideniya iko nusu saa nyuma ya Nome. Kwa saa ya ukutani, iko saa 21 mbele.

Tofauti yote hiyo imetengenezwa na binadamu, na kila upande umechangia. Nome yenyewe imesogezwa mbali na jua lake. Hadi 1983 Alaska ilikuwa na kanda nne za saa, na Nome ilitumia saa iliyokuwa 11 nyuma ya Greenwich, ambayo ndiyo hasa inayolingana na mahali ulipo mji. Mwaka huo kanda hizo zikapunguzwa, na karibu jimbo zima likawekwa kwenye saa moja, ofisi za serikali za Juneau zilizo mbali huko kusini mashariki ziweze kufunguliwa pamoja na za pwani ya magharibi. Kiofisi ni jambo la busara. Lakini matokeo yake ni kwamba jua la utosi hufika Nome saa nane mchana wakati wa baridi, na saa tisa wakati wa joto. Provideniya, kinyume chake, jua la utosi hufika mapema, kama saa tano na nusu asubuhi.

Sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo tungepata kazi. Nome haijafika ndani ya Mzingo wa Aktiki, imebakia kidogo kusini yake, na bado mwezi Juni jua hukaa angani zaidi ya saa 21, na mwisho wa Desemba chini ya saa nne. Siku hizo za Desemba jua huchomoza karibu saa sita mchana. Ukimwambia mtu wa Nome mkutane saa moja asubuhi kwa maana ya saa moja baada ya jua kutoka, mtakula pamoja chakula cha mchana.

Ndege inayolipita jua

Hili pengine ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Pale ikweta, kivuli cha asubuhi hukimbia juu ya ardhi kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, maana ardhi yenyewe huzunguka kwa kasi hiyo. Hakuna ndege ya abiria ya siku hizi inayoweza kushindana nayo. Concorde iliweza, na imeshastaafu. Lakini kadiri unavyopanda kaskazini mzingo wa dunia unapungua, na kwenye latitudo 64, walipo Nome na Provideniya, kasi hiyo imebaki kilomita 720 hivi kwa saa. Ndege ya kawaida ya jeti huenda 800 na zaidi.

Maana yake ni kwamba ndege inayotoka Nome kuelekea magharibi, ikishafika kimo chake na kushika mwendo, inalipita jua. Ikiwa imeondoka jua likizama, abiria wa dirishani ataliona jua limesimama kwenye upeo wa macho, kisha likipanda taratibu, likichomoza upande wa magharibi. Kwa safari ya kilomita 375 hapatoshi kuona mengi, kwani jeti ikimaliza kupanda inaanza kushuka. Lakini wanaovuka kaskazini ya mbali kwa safari ndefu, kutoka Ulaya kwenda pwani ya magharibi ya Amerika, hukaa na machweo yaleyale saa nyingi mpaka wengine wakachoka wakafunga pazia.

Ijumaa mbili

Msomaji Mwislamu huenda ameshajiuliza. Mtu akisali Ijumaa Provideniya, akaondoka saa nane mchana, atafika Nome Alhamisi saa kumi na mbili jioni, na kesho yake ni Ijumaa tena. Aliyeondoka Nome Alhamisi saa tano usiku atafika Ijumaa saa tatu usiku, swala imeshapita bila yeye kuwapo popote ilipokuwa mchana wa Ijumaa. Fatwa yake nawaachia wenye elimu.

Lakini kuna Ijumaa mbili nyingine zilizotokea hapo kweli, tena kwa watu wote bila kupanda chombo chochote. Warusi waliifikia Alaska wakitokea Siberia, wakienda mashariki, na tarehe zao wakaja nazo. Kwa miaka yote ya utawala wao, Alaska na Siberia zilikuwa na siku moja. Mwaka 1867 Marekani ikainunua Alaska kwa dola milioni 7.2, na tarehe 18 Oktoba bendera zikabadilishwa mjini Sitka. Warusi walikuwa bado wanatumia kalenda ya zamani ya Julius, iliyokuwa nyuma kwa siku 12. Vilevile walikuwa siku moja mbele, kwa sababu ya upande waliotokea. Kwa kurekebisha yote mawili kwa mpigo, watu wa Alaska walilala Ijumaa tarehe 6 Oktoba wakaamka Ijumaa tarehe 18 Oktoba. Siku kumi na moja zilifutwa kwenye kalenda, na Ijumaa ikarudiwa.

Kabla ya hapo hapakuwa na mstari wa tarehe kwenye mlango wa bahari ulio baina ya Alaska na Siberia. Mstari ulihamia pale pamoja na hati ya mauzo, ukafuata mpaka mpya wa nchi mbili. Ndiyo sababu ukiutazama kwenye ramani haukunyooka: unatoka kaskazini, unapinda mashariki kuikwepa ncha ya Chukotka, kisha unarudi magharibi kuvikusanya visiwa vya Aleutian upande wa Marekani.

Mahali unapopita kwa karibu zaidi ni baina ya visiwa viwili vya Diomede, vilivyo katikati ya Mlango wa Bering. Kikubwa ni cha Urusi, kidogo ni cha Marekani, na baina yao hakuna hata kilomita nne. Kisiwa kidogo kina kijiji cha watu wasiofika mia. Kikubwa hakina raia, kina walinzi wa mpaka tu. Wanakijiji wakichungulia dirishani wanaiona kesho, kama wanavyopenda kusema waandishi wa safari, na mimi sitawanyima raha hiyo.

Umbali ni upi hasa?

Ukiuliza umbali wa Nome na Provideniya utapewa majibu matatu na yote yatakuwa sahihi: kilomita 375, maili 233, au maili 202. Hiyo ya mwisho ni maili ya baharini, yenye mita 1,852, na ndiyo wanayoitumia marubani na manahodha dunia nzima. Asili yake ni dunia yenyewe: ni sehemu moja ya sitini ya uzi mmoja wa latitudo. Mwandishi anayesikia rubani akisema 202 kisha akadhani ni maili za barabarani, atakuwa ameimeza bahari kiasi cha kilomita 50. Makosa ya namna hii yamejaa kwenye vitabu vya safari.

Halafu kuna swali la mstari ulionyooka. Kwa kuwa dunia ni mviringo, njia fupi kati ya sehemu mbili ni kipande cha duara kuu, yaani duara linaloikata dunia katikati kabisa kama kisu kwenye chungwa. Nome na Provideniya ziko karibu latitudo moja, na ukiangalia ramani ya ukutani utadhani rubani anafuata mstari wa magharibi moja kwa moja. Kumbe anaanza akielekea juu kidogo ya magharibi na kumaliza akielekea chini kidogo ya magharibi. Kwa umbali mfupi kama huu faida yake haifiki nusu kilomita, haina maana.

Jaribu viwanja vingine viwili vya kaskazini uone. Longyearbyen, katika visiwa vya Svalbard vya Norwei, na Utqiagvik, mji wa kaskazini kabisa wa Alaska uliokuwa ukiitwa Barrow hadi 2016. Kwenye ramani ya shuleni viko pembe mbili za karatasi, na kidole chako kitapita Atlantiki na Kanada yote kwenda kutoka kimoja hadi kingine. Chukua tufe, uutandaze uzi. Umbali ni kilomita 3,380 hivi, na uzi utapita kilomita 110 tu kutoka Ncha ya Kaskazini. Kwa jeti ni safari ya saa nne na ushei. Hakuna ndege ya abiria inayoifanya, kwa sababu nani aliye Longyearbyen ana shughuli Utqiagvik?

Muda wa hewani nao una ujanja wake

Kilomita 375 kwa jeti inayokwenda 800 kwa saa zingekuwa dakika 28. Haziwi. Ndege inapanda polepole na kushuka polepole, kwa hiyo ni dakika 40 au 45, na ukiongeza kutembea ardhini kabla na baada, unaikaribia saa nzima. Ndege ndogo ya propela, ambayo ndiyo hasa gari la watu wa kaskazini, ikienda kilomita 300 kwa saa inatumia saa moja na robo.

Hapo hatujauhesabu upepo. Tuseme unavuma kutoka magharibi kilomita 60 kwa saa. Ndege ndogo ikienda Provideniya itabaki na mwendo wa 240, itumie dakika 94. Ikirudi itasukumwa hadi 360, itumie dakika 62 na nusu. Wengi hudhani upepo unaochelewesha wakati wa kwenda unalipa deni lake wakati wa kurudi. Haulipi. Jumla ni dakika 156 na ushei, wakati siku tulivu ingekuwa 150. Kisa ni kwamba unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaokupinga kuliko ndani ya ule unaokusukuma. Upepo wa kwenda na kurudi siku zote ni hasara, hata kwa mwendesha baiskeli.

Jambo zito zaidi ni mafuta. Kanuni za Marekani zinamtaka rubani anayeruka kwa kutegemea vyombo awe na mafuta ya kufika anakokwenda, na kama hali ya hewa huko si ya uhakika, mafuta ya kufika kiwanja kingine, kisha dakika 45 za ziada. Sasa kiwanja kingine ni kipi? Kutoka Provideniya, mji mwingine wenye kiwanja cha maana upande wa Urusi ni Anadyr, kilomita 430 zaidi. Nome ni karibu zaidi. Kwa hiyo ndege ya kwenda Provideniya inabeba mafuta ya kwenda na ya kurudi bila kutua, kwani ukungu wa majira ya joto kwenye Bahari ya Bering huingia ghafla, na kiwanja cha Provideniya kiko Ureliki, ng'ambo ya ghuba, kimezungukwa na vilima. Mafuta mengi yanamaanisha abiria wachache. Nauli ya kaskazini inapanda hapo kabla hata hujalipia baridi.

Waliovuka kabla ya tiketi

Nome ni mji uliozaliwa na dhahabu, iliyogunduliwa mwaka 1898, na mpaka leo hakuna barabara inayouunganisha na miji mingine mikubwa ya Alaska. Una watu 3,700 hivi. Ulimwengu uliusikia tena Januari 1925, ugonjwa wa dondakoo ulipoingia na dawa ikawa haipo. Ndege zilikuwapo Alaska, lakini zilikuwa za chumba wazi, na kuzirusha kwenye kizakiza na baridi ile kulionekana ni kuwaua marubani. Dawa ikapelekwa kwa treni hadi Nenana, kisha kwa mbwa wa kuvuta sleji, timu kwa timu, waendeshaji wapatao 20 wakipokezana kilomita 1,085. Walitumia siku tano na nusu. Mbwa aliyeongoza timu ya mwisho, Balto, alipata sanamu New York. Togo, aliyeongoza kipande kirefu na cha hatari kuliko vyote akiwa na Leonhard Seppala, alisubiri miaka mingi kabla watu hawajamkumbuka, jambo ambalo wapenda mbwa bado wanalibishania.

Mwaka uliofuata, Mei 1926, chombo cha angani Norge kikiwa na Roald Amundsen, Umberto Nobile na Lincoln Ellsworth kilitoka Svalbard, kikapita juu ya Ncha ya Kaskazini, kikaelekea Nome. Hali ya hewa iliwakatalia, wakashuka Teller, kijiji kilicho kaskazini yake, baada ya kama siku tatu hewani. Kumbe ile safari ya Svalbard na Alaska niliyosema haina abiria ilishafanywa karibu miaka mia iliyopita, kwa puto kubwa lenye injini.

Mlango wenyewe ulikuwa mkali. Novemba 1929 rubani Carl Ben Eielson, mmoja wa waanzilishi wa urubani Alaska, aliondoka Teller na fundi wake Earl Borland kwenda kuchukua watu na manyoya ya thamani kutoka meli iliyokwama kwenye barafu ya Siberia. Hawakufika. Mabaki ya ndege yalipatikana upande wa Chukotka baada ya miezi, na Wamarekani na Warusi walishirikiana kuitafuta.

Kisha ikaja vita, na njia hiyo ikajaa kama barabara kuu. Kuanzia 1942 hadi 1945 Marekani iliipa Urusi ya Kisovieti ndege karibu 8,000 kupitia hapo. Marubani wa Kimarekani walizileta hadi Fairbanks wakiwa wameshazipaka nyota nyekundu. Marubani wa Kisovieti wakazipokea, wakapitia Nome, wakavuka hadi Uelkal katika Chukotka, na kuendelea hadi Krasnoyarsk katikati ya Siberia. Hesabu hiyo, kwa mlango wa bahari ambao leo hauna hata ndege moja ya abiria ya kuuvuka, nikiisoma huwa narudia kuitazama tarakimu.

Wavukaji wa kale kuliko wote hawakuhitaji kiwanja. Wayupik wa kisiwa cha Mtakatifu Lawrence, chini ya bendera ya Marekani, na Wayupik wa pwani ya Chukotka ni watu wa lugha moja na ukoo mmoja. Kutoka kijiji cha Gambell hadi pwani ya Urusi ni kama kilomita 60, na siku ya hewa safi milima ya ng'ambo inaonekana. Walikwenda kwa mashua za ngozi kuoa, kuwinda na kuzika. Mwaka 1948 Vita Baridi ikafunga njia. Ndugu waliokuwa kilomita 60 kutoka kwa ndugu wakakaa miaka 40 bila kuonana, na wenyeji wa Diomede Kubwa wakahamishwa kabisa kwenda bara.

Aliyegonga mlango wa kwanza alikuwa muogeleaji. Tarehe 7 Agosti 1987 Mmarekani Lynne Cox aliogelea kutoka Diomede Kidogo hadi Diomede Kubwa kwa saa mbili na dakika tano, maji yakiwa nyuzi joto 6 au 7 tu, bila nguo ya kuzuia baridi. Aliondoka siku moja akafika siku ya pili. Mwezi Desemba mwaka huohuo Mikhail Gorbachev, alipokuwa Washington kutia saini mkataba wa makombora, alimsifu kwa jina.

Na pale Nome dalali mmoja wa nyumba alikuwa kwa miaka kadhaa akifungia puto barua na vizawadi na kuziachia zielekee Siberia. Upepo haukumsaidia sana, lakini maombi yake na ya wenzake yakafika. Tarehe 13 Juni 1988 ndege ya Alaska Airlines aina ya Boeing 737 iliruka kutoka Nome na kutua Provideniya tarehe 14, ikiwa na Gavana Steve Cowper, Seneta Frank Murkowski na Wayupik waliokuwa wakiwafuata jamaa zao. Picha za mapokezi zinaonyesha wazee wakikumbatiana. Mwaka uliofuata serikali mbili zikasaini mapatano ya kuwaruhusu wenyeji wa pande zote kutembeleana bila viza, ndege ndogo za kukodi za Nome zikaanza kuvuka, na katika miaka ya 1990 Alaska Airlines ikawa na safari za kawaida za majira kutoka Anchorage hadi Magadan na Khabarovsk, mpaka ruble ilipoanguka mwaka 1998.

Safari ya leo

Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, anga za nchi hizi mbili zikafungwa kila moja kwa ndege za mwenzake. Basi tuseme unataka kutoka Nome kwenda Provideniya sasa hivi, na karatasi zako zote zimekamilika. Utapanda ndege kwenda Anchorage, kilomita 870 upande usio wako. Kutoka Anchorage hadi Seattle, 2,330. Kutoka Seattle hadi Istanbul, zaidi ya 9,700. Istanbul hadi Moscow, zaidi ya 1,700, na zaidi ya hapo kwa sababu rubani anaizunguka Ukraine. Moscow hadi Anadyr, karibu 6,200, saa nane na ushei bila kutua na bila kutoka nje ya nchi moja. Mwisho, Anadyr hadi Provideniya, 430.

Jumla ni zaidi ya kilomita 21,000, nusu ya mzingo wa dunia na kitu juu, kufikia mahali palipo kilomita 375. Ni zaidi ya mara 55. Hewani peke yake utakuwa umekaa kama saa 30.

Na angalia jambo hili dogo: muda wote huo hukuvuka mstari wa tarehe. Umekwenda mashariki tu, ukisogeza saa yako mbele kidogo Seattle, saa 11 kwa mpigo Istanbul, saa tisa nyingine Anadyr, mpaka zikatimia 21 zilezile. Yule wa 1988 aliipata kesho kwa kuruka ukuta. Wewe umeilipia yote, dakika kwa dakika.

Usisahau pia kwamba Chukotka ni eneo la mpaka, na mgeni anahitaji kibali maalumu juu ya viza. Tena kiwanja cha Anadyr kiko ng'ambo ya maji kutoka mjini: wakati wa joto unavuka kwa mashua, wakati wa baridi kwa gari juu ya barafu. Wiki za katikati, barafu ikiwa bado laini kwa gari na imeshakuwa ngumu kwa mashua, wanavuka kwa helikopta, hali ya hewa ikiruhusu.